Cherehani ya bibi: Isome namba kabla hujapokea bei

UKIPITA Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, mwezi Desemba, utakuta watu wanakimbizana na mvua za kwanza mashambani, maghala yameanza kuonyesha sakafu na shule zinakaribia kufunguliwa. Ni mwezi wa kutafuta fedha kwa kila njia. Kuku wanauzwa, mbuzi anauzwa, na kuku na mbuzi wakiisha, macho yanahamia kwenye vitu vya ndani. Ndipo anapotokea mtu na pikipiki, mzani umefungwa nyuma, akiuliza nani ana chuma chakavu, betri mbovu au cherehani ya zamani.

Cherehani ya zamani haikosekani. Ni ile nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia na jina la Singer ubavuni. Babu aliinunua, bibi akaishonea, na sasa imefunikwa kitenge pembeni mwa chumba, juu yake imewekwa redio.

Wenye cherehani hizi wako wa aina mbili. Wapo wanaoiona kuwa ni mzigo, wakaitoa kwa bei ya kilo kama bati bovu. Wapo pia waliosikia kwamba huko ng'ambo mashine kama hiyo imeuzwa kwa mamilioni, hivyo wameifungia ndani wakisubiri mnunuzi asiyefika. Wote wawili wanapoteza fedha, na chanzo ni kilekile: hakuna aliyeondoa kile kitenge akasoma kilichogongwa kwenye chuma.

Tuseme basi yupo mama wa Kinampanda aliyerithi mashine ya namna hiyo, na mwenye mzani yuko mlangoni. Afanye nini kabla ya kujibu?

Namba iko wapi na inasema nini

Kwanza atafute namba. Kwenye Singer nyingi namba imegongwa juu ya kitako cha chuma, upande wa kulia, chini ya gurudumu linalozungushwa kwa mkono. Mara nyingi imezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Achukue kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani asugue taratibu. Asitumie kisu wala msasa, na asitumie spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha vanishi inayoyalinda yale maua ya dhahabu, na maua yakishatoka hayarudi.

Asichanganye namba hiyo na maandishi mengine. Tarehe zinazoonekana kwenye vibati vya baadhi ya mashine za zamani sana ni za hataza, yaani siku ambayo ubunifu fulani uliandikishwa serikalini, wala si siku mashine ilipotengenezwa. Mashine inaweza kubeba tarehe ya hataza ya miaka ya 1880 nayo ikawa imetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Wachuuzi wajanja wanalijua hilo, na wengine huzitumia tarehe hizo kuipandisha mashine umri.

Namba za Singer zina utaratibu unaoeleweka. Isaac Merritt Singer alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1851, na kwa miaka karibu 50 mashine za kampuni hiyo zilikuwa na tarakimu tupu, bila herufi mbele. Kwa hiyo namba isiyo na herufi kwenye Singer halisi ya zamani ni dalili ya mashine iliyotengenezwa kabla au karibu na mwaka 1900. Baada ya hapo ikaanza herufi moja mbele ya namba, na baadaye zikawa herufi mbili.

Herufi hizo pia hutaja kiwanda. Singer nyingi tunazokutana nazo Afrika Mashariki zilitoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 sehemu iitwayo Kilbowie. Herufi K katika aina kama 15K au 28K inatokana na jina hilo. Herufi F ya Clydebank ilianza kutumika mwaka 1910 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikafuata Y, iliyokwenda hadi mwaka 1935. Kuanzia hapo zikaja namba zinazoanza na E, kama EA, EB, EC na kuendelea, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine za kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, nchini Marekani, zilibeba herufi nyingine, zikiwamo G na baadaye AA. Za Wittenberge, Ujerumani, zilikuwa na C.

Kinampanda ni mahali walipofika wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani zamani, na chuo cha ualimu kimekuwapo kwa miaka mingi. Watu wa huko wasishangae basi wakikuta moja moja yenye herufi za Marekani miongoni mwa zile za Scotland. Hilo halibadilishi bei, ila linapendeza kulijua.

Mama yetu akikuta EH ikifuatiwa na tarakimu sita, basi mashine yake ni ya Clydebank, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Akitaka mwaka wenyewe, amwombe kijana mwenye simu yenye intaneti atafute orodha ya namba za Singer. Orodha hizo zimewekwa wazi na wakusanyaji wa cherehani za kale, na kuzisoma ni bure. Ajue tu kwamba orodha inaonyesha tarehe ambayo fungu la namba lilitolewa kwa kiwanda. Mashine yenyewe huenda ilimalizika miezi kadhaa baadaye, na kufika dukani huku kwetu ikachukua muda zaidi.

Hapa pana mtego mmoja. Cherehani nyingi za China zilizojaa nchini, Butterfly ikiwa mojawapo, zilinakiliwa kutoka Singer aina ya 15, na baadhi zimeandikwa JA2-1. Hiyo ni aina ya mashine, si namba ya umri. Aliyesoma kwamba Singer ya Kanada ina herufi JA anaweza kudhani amepata mashine ya Kanada ya zamani. Ukiona kistari na tarakimu mbili tatu tu, uko Shanghai, hujafika Kanada. Aidha, wapo wanaobandika karatasi ya jina la Singer kwenye nakala. Singer halisi ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na kwa kawaida ina nembo ya madini ya mviringo iliyopigiliwa kwenye mwili. Nembo iliyobandikwa kwa gundi itilie shaka.

Uzee peke yake haununuliwi

Sasa tuje kwenye jambo linalowauma wengi. Mashine ya mama yetu ina miaka 70 na ushee. Je, ni mali?

Jibu linategemea zilitengenezwa ngapi. Mwaka 1913 pekee kiwanda cha Clydebank kilitoa zaidi ya mashine milioni moja. Zilikuwa imara mno, na kwa hiyo hazikufa. Ziko kwenye madari ya nyumba huko Uingereza, ziko kwenye magulio ya vitu vilivyotumika, na nyingi zinauzwa huko kwa chini ya pauni 100, tena zikiwa safi na kisanduku chake cha mbao. Kampuni ya nguo ya AllSaints ya Uingereza iliwahi kupamba vioo vya maduka yake kwa mamia ya cherehani kuukuu zilizopangwa safu juu ya safu. Kitu kinachopatikana kwa wingi wa kupamba dirisha la duka hakiwezi kuwa adimu.

Kisha kuna uzito. Kichwa cha mashine peke yake ni chuma cha kusubu cha zaidi ya kilo 10, achilia mbali meza na miguu. Piga hesabu ya kukitoa Kinampanda hadi Singida mjini, hadi Dar es Salaam, hadi Ulaya. Nauli itaimeza bei yote kabla mashine haijafika.

Wakusanyaji wa vitu vya kale wanalipa vizuri kwa mashine chache: zile za miaka ya 1850 na 1860, au ile ndogo nyepesi ya umeme aina ya 221 iliyoanza kuuzwa mwaka 1933. Hiyo ya kwanza ni nadra sana kuikuta kijijini, na ya pili iliwafaa wenye umeme, jambo ambalo vijiji vya Iramba havikuwa nalo wakati ule. Forodha za nchi nyingi hukihesabu kitu kuwa cha kale kikishapita miaka 100, na kwa kipimo hicho mashine nyingi zenye herufi F zimeshavuka mstari. Lakini kuvuka mstari wa forodha hakumleti mnunuzi.

Uvumi uliopandisha bei kwa siku chache

Mwezi Aprili 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba ndani ya cherehani za zamani za Singer mna kitu kiitwacho zebaki nyekundu, chenye uwezo wa kufichua hazina zilizozikwa, kufukuza majini na hata kutengenezea bomu la nyuklia. Watu wakaanza kutafuta cherehani za bibi zao kama wendawazimu. Vyombo vya habari vya huko viliripoti mashine zikitajwa kwa bei ya hadi riyali 200,000, na maduka ya mafundi kuvunjwa usiku. Ilisemwa kuwa kipimo ni simu ya mkononi: isogeze karibu na sindano, na mawasiliano yakikatika, basi zebaki imo. Polisi wakasema ni uzushi. Waliokuwa wameuza walibaki na fedha, na waliokuwa wamenunua walibaki na cherehani.

Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilishasema hivyo mwaka 2004, miaka mitano kabla ya kizaazaa hicho. Nalitaja hapa kwa sababu uvumi huu hauna mipaka, na Iramba una mahali pa kujishikiza. Sekenke ndiko ulikoanza uchimbaji mkubwa wa dhahabu nchini wakati wa Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo wa upande wa Shelui wanaijua zebaki kwa kuishika. Mtu anayejua kwamba zebaki ina thamani anaweza kushawishika kwamba ile nyekundu ina thamani zaidi. Zebaki anayoijua mchimbaji ni nyeupe kama fedha, inatiririka, na hununuliwa dukani. Cherehani haina mahali popote pa kuihifadhia. Fungua kibati cha upande wa sindano, geuza mashine utazame tumboni: utaona vyuma, skrubu na mafuta yaliyoganda. Hakuna chumba kilichofungwa.

Mtu akikuahidi mamilioni kisha akaomba kwanza utoe fedha kidogo ya kupimia au ya nauli ya mtaalamu, hapo biashara imekwisha. Mwonyeshe njia.

Thamani iko kwenye mshono

Nionavyo mimi, cherehani kuukuu ya kijijini ina bei tatu. Ya chini kabisa ni ya chuma chakavu, na hiyo ndiyo anayokuja nayo mwenye mzani. Ya juu kabisa ni ya mkusanyaji, na hiyo tumeona kuwa karibu haipo. Iliyobaki ni bei ya kazi, na hii ndiyo wengi hawaipigii hesabu.

Ili kuijua, kwanza angalia mashine ni ya aina gani, kwa sababu vipuri ndivyo vinavyoamua. Vuta kibati kinachofunika sehemu ya chini ya sindano. Ukikuta bobini ya mviringo inayoingizwa ndani ya kijikopo cha chuma kutoka upande wa kushoto, una aina ya 15 au ndugu zake. Hiyo ni bahati. Wachina na Wahindi waliinakili hiyohiyo, kwa hiyo bobini, vijikopo na sindano zake vipo katika maduka ya vifaa vya ushonaji hadi leo. Ukikuta bobini inayodumbukizwa kutoka juu, kuna uwezekano mkubwa ni aina ya 66 au 99, ambayo nayo vipuri vyake hupatikana mijini. Ukikuta bobini nyembamba ndefu ndani ya kitu mfano wa mtumbwi mdogo kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni ya familia ya 27 na 28. Inashona vizuri sana, mshono ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, lakini ule mtumbwi ukipotea au ukichakaa utahangaika. Mwenye mashine ya namna hii asiuze vipuri vyake kimoja kimoja, na akisikia jirani anatupa ya kwake iliyokufa, aiombe.

Baada ya hapo zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Likigoma, usikate tamaa. Mara nyingi si kutu, ni mafuta yaliyoganda. Hapa Singida tuna tatizo letu wenyewe: mafuta ya alizeti yako kila nyumba, na mafuta ya cherehani yanauzwa mbali. Mtu anachukua kijiko cha mafuta ya kupikia anamimina kwenye matundu. Mashine inalainika wiki moja, kisha mafuta yale yanakauka yanakuwa kama ulimbo. Nimeona mashine zilizotangazwa kuwa zimekufa, kumbe zimegandishwa na alizeti. Dawa yake ni mafuta ya taa: dondosha kwenye kila tundu la mafuta, iache ilale, zungusha kidogo kidogo bila kulazimisha, futa uchafu unaotoka, rudia hata siku tatu. Ikishalegea kabisa, weka mafuta halisi ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi.

Ikizunguka, tikisa gurudumu juu na chini. Likicheza sana, vyuma vya ndani vimelika. Pitisha kidole kwenye yale meno madogo yanayosukuma kitambaa: yakiwa makali bado yana kazi, yakiwa laini kama sarafu ya zamani yanahitaji kubadilishwa. Kisha tia uzi ushone khaki iliyokunjwa mara nne. Mashine ya Singer ya miaka ya 1950 iliyotunzwa itapita hapo bila kulalamika, wakati baadhi ya mpya za bei nafuu zinavunja sindano.

Sasa hesabu. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe weka za kwenu. Tuseme mwenye mzani ametoa shilingi 40,000 kwa mashine nzima. Tuseme matengenezo na vipuri ni shilingi 30,000. Tuseme pia kwamba kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Januari mama yetu, au fundi aliyemkodisha, anaweza kushona sare za shule 40, na kila moja inamwachia shilingi 3,000 baada ya kutoa uzi, vifungo na nauli. Hiyo ni shilingi 120,000. Ukitoa matengenezo zinabaki 90,000, na mashine bado iko ndani.

Wengi huuza cherehani Desemba na Januari kwa sababu ndipo njaa na karo zinapokutana. Na miezi hiyohiyo ndiyo ambayo kila mzazi anatafuta fundi wa kushona sare. Yaani mashine inauzwa kwa bei ya chini kabisa ya mwaka katika majuma ambayo ingeingiza fedha nyingi kuliko majuma mengine yote. Mwenye mzani anaijua kalenda hiyo vizuri, na huoni pikipiki yake ikizunguka sana mwezi Juni watu wakiwa wamevuna alizeti.

Kama ni lazima kuuza, basi pima bei kwa kuuliza madukani Kiomboi au Singida mjini cherehani mpya ya kukanyaga inauzwaje, na ya mkononi inauzwaje. Mashine yako kuukuu inayoshona vizuri, ya aina yenye vipuri, isiachwe mbali sana na bei hiyo. Mnunuzi wako halisi ni fundi wa jirani, au kijana aliyemaliza mafunzo ya ushonaji asiye na mtaji, na huyo unaweza kukubaliana naye alipe kwa mafungu. Hata Singer wenyewe ndivyo walivyoeneza mashine zao duniani: walianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo tangu mwaka 1856. Kijiji kikiwa na umeme, fundi anaweza kufunga mota ndogo ubavuni mwa nyingi kati ya mashine hizi, na umeme ukikatika anarudi kwenye pedeli.

Meza na miguu ya chuma visitenganishwe na kichwa. Wapo wanaonunua miguu peke yake kwa ajili ya kutengenezea meza za hoteli, wakakuachia kichwa kisicho na pa kukalia.

Namba ile ya kwenye kitako ina kazi nyingine ya manufaa kuliko kutaja umri. Iandike kwenye daftari na uipige picha. Mashine ikiibwa, polisi wakikamata cherehani tano nyeusi zinazofanana, namba ndiyo itakayosema ipi ni yako. Ukiiweka kama dhamana ya mkopo katika kikundi cha VICOBA, namba iandikwe kwenye fomu, isije ikarudishwa nyingine. Na ukiuza, hati ya mauziano iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji ikiwa na jina la aina, namba kamili pamoja na herufi zake, bei, na kiasi kilichobaki kama ni kwa mafungu. Nakala moja ibaki kwa mnunuzi na nyingine kwa muuzaji. Mwenye mzani hapendi hati ya namna hiyo. Fundi anayetaka kuishonea hatakuwa na neno.